Kopo la Kupe

Mkumbi, Mbinga
18 Februari 2024

Mwanangu Devotha,

Kabla hujasoma, mfungue kwanza Sista kamba, umpe maji, ndipo ukae chini na barua. Lakini nakujua, utaanza na barua.

Nimeandika kwa sababu simu imenishinda. Ili nipate mtandao lazima nipande mpaka kwenye kahawa za juu, na nikifika huko nikaita "Devotha, tumbo linaendeleaje," Mkumbi nzima inasikia na kila mtu ana jibu lake. Barua haipigi kelele, tena nikisahau ulichosema naifungua naisoma upya. Ukinijibu, mpe Pankras, kondakta wa basi, huyo huyo aliyekuletea mzigo. Ameniahidi kuwa mbwa atakaa ndani, siyo juu na magunia.

Sasa nisikilize. Tangu uolewe huko Chiwanda silali vizuri. Meshack ni kijana mzuri, sina neno naye, lakini ni mvuvi, na mvuvi kazi yake ni usiku. Wewe na hilo tumbo unabaki na nani? Huko kuna joto, kuna mbu, kuna nguruwe pori wanaoingia kwenye muhogo. Baba yako anasema watu wanazaliwa ziwani na wanazeeka huko huko. Nikamwambia hao wamezaliwa huko. Huyu wangu amezaliwa kwenye baridi.

Ndiyo maana nimekutumia Sista akulinde. Na nina sharti langu, lishike vizuri. Sista naye ni wa kwenye baridi kama wewe. Akinenepa huko, nitajua na wewe utaweza, ujifungulie kwa mumeo kama unavyotaka. Akishindwa, unapanda kuja kujifungulia kwangu, kama mimi nilivyojifungulia kwa bibi yako, na sitaki ubishi.

Ndani ya mzigo kuna kopo lake, lile la maziwa ya unga. Jioni ligonge na kijiko, atakuja mwenyewe na kulala chali. Mtazame masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Kila kupe unayemtoa mtumbukize koponi kwenye mafuta ya taa. Usimwache hata mmoja. Tangu akiwa mdogo wa kunyonya sijamlaza na kupe mwilini, na hujawahi kumwona akiugua.

Kuna na kahawa, nimeikaanga na kuitwanga mwenyewe. Mama mkwe wako Lidia umpimie ya kwake. Na akiuliza kwa nini mbwa anaitwa Sista, mwambie ni kwa sababu ya kichwa cheusi na shingo nyeupe, hatukuwa na nia mbaya. Nyinyi huko ni Waanglikana, msije mkadhani sisi Wakatoliki tumekosa adabu.

Mama yako anayekuwaza,
Albina


Chiwanda, Nyasa
3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, na ya baba mpelekee.

Sista alifika akiwa amekaa kwenye kiti. Pankras anasema kuna abiria alisimama njia nzima ya milimani kwa sababu hakuna aliyekubali kwenda kumwambia mbwa ainuke. Nilianza na barua, ndiyo. Alinisubiri na kamba yake shingoni, akaniangalia kama unavyoniangalia wewe.

Siku ya kwanza aligombana na ziwa. Wimbi likija analibwekea, likirudi anakaa chini ameridhika, kisha linakuja jingine. Alibweka mpaka sauti ikakauka. Siku ya pili aliamua kwamba ziwa lina wenyewe, akalala chini ya kichanja cha kuanikia usipa, dagaa wa huku, na tangu hapo hakuna kunguru anayetua. Mama Lidia anampa usipa mkononi, yeye ambaye alisema mbwa hapewi chakula mkononi.

Mbwa wa hapa walikuja kumtazama kama watu wanavyomtazama mgeni aliyetoka mjini. Mmoja wa jirani, anaitwa Refa, ana sikio moja, anakuja kila asubuhi. Sista anamgeuzia mgongo.

Kopo nagonga kila jioni. Kupe wa huku ni wengi, mama. Nyumbani nilikuwa natoa wawili, hapa natoa mpaka kidole kinauma. Mbwa wa hapa wanatembea nao tu kama vifungo vya shati, wala hawahangaiki.

Kahawa tulikunywa siku ile ile. Mama Lidia aliweka sukari nyingi, akamaliza kikombe, akaomba kingine. Kesho yake alisema hakupata usingizi, alikaa macho mpaka mitumbwi ikarudi, na kwamba sasa ameelewa kwa nini watu wa milimani wanalima sana.

Tumbo halijambo. Sijisikii vibaya kabisa.

Mwanao,
Devotha


Mkumbi
17 Machi 2024

Mwanangu Devotha,

Ulivyoandika kwamba unatoa kupe mpaka kidole kinauma, mimi kidole kiliniuma huku. Ongeza mara ya pili, asubuhi. Akitoka kwenye nyasi mkague kabla hajaingia ndani. Hao wengine wenye vifungo asicheze nao, hasa huyo wa sikio moja. Sikio la pili lilikwenda wapi?

Mvua huku haijapumzika. Mashimo ya ngolo tunayolimia yamejaa maji mpaka juu, mahindi yamesimama vizuri, na baba yako anatembea shambani kama mwenye nyumba ya ghorofa. Anakusalimia. Nilimsomea barua yako, alicheka hapo kwa Sista na ziwa, akaniambia nirudie.

Kwa mama Lidia nimetuma kahawa nyingine, mfuko mkubwa. Hii sikuikaanga sana, labda itamwacha alale. Akipenda aniambie mapema, maana msimu mpya ukianza nitamwekea punje nzuri. Sikujua kama kuna mtu ziwani atapenda kahawa yangu. Nimefurahi zaidi ya ninavyoweza kuandika.

Niambie Sista amenenepa kiasi gani. Mpime na kanga, ile ya njano niliyokupa. Mwanzoni ilikuwa inafika kifuani na kubaki kiganja kimoja.

Mama yako,
Albina


Chiwanda
31 Machi 2024

Mama,

Shikamoo, na Pasaka njema kwenu nyote.

Tumesali vizuri na tumekula samaki, mbasa wa kukaanga. Mtoto anacheza, kliniki wamesema yuko sawa. Meshack hajambo, mama Lidia hajambo.

Sista yupo. Amelala hapa karibu yangu ninavyoandika.

Mama, naomba usitume kahawa kwa sasa. Iliyopo inatosha.

Ni mimi,
Devotha


Mkumbi
9 Aprili 2024

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma, nikaigeuza nyuma nikidhani imebaki nyingine. Nikamuuliza Pankras kama amedondosha karatasi njiani. Akasema mzigo ulikuwa ni huo tu.

Kahawa imekosa nini? Kama imeungua niambie, mimi siyo mtoto. Kama mama Lidia alikunywa kwa heshima tu halafu baadaye akasema inanuka moshi, niambie pia. Nimekaa na jambo hili wiki nzima. Juzi nimekaanga nyingine, nikaionja, nikampa mwalimu Romanus aonje, akasema ni nzuri, lakini yule hata maji ya moto atasifia.

Halafu hili neno lako, "Sista yupo." Hata jiwe lipo, Devotha. Nilikuomba kipimo cha kanga, umenipa "yupo." Wewe tangu utoto ukivunja kitu barua zako zinakuwa fupi. Ulipokuwa bwenini ulivunja chimni ya taa ya matroni ukaniandikia mistari mitatu.

Kaka yako Kilian atapata mapumziko kule mgodini Ngaka. Ataacha lori lake la makaa ya mawe na kuchukua gari la rafiki yake. Tarehe nne ya mwezi wa tano, Jumamosi, atashuka Chiwanda. Nimemwambia aende na godoro la nyuma. Kama Sista yuko kama unavyosema, atakula samaki na kurudi mwenyewe. Kama hayuko vizuri, panda garini mwanangu, uje ujifungulie hapa. Sitagombana. Nitashukuru tu.

Mama yako,
Albina


Chiwanda
16 Aprili 2024

Mama mkwe,

Shikamoo.

Ni mimi Meshack. Devotha hajui kuwa naandika, amekwenda kliniki na mama. Mkono wangu umezoea nyavu, utanisamehe kwa mwandiko.

Kahawa yako haijadharauliwa. Kisa ni hiki. Siku chache kabla ya Pasaka Sista aliacha kula. Asubuhi moja tukakuta ule mfuko mkubwa umepasuka, kahawa imemwagika sakafu nzima, na Sista amelala juu yake. Tulipomtoa nje akakojoa, mkojo mweusi kabisa kama kahawa uliyotwanga. Mama yangu akasema, mimi vikombe viwili tu vilininyima usingizi, huyu amemaliza mfuko. Wote tukakubali amekula kahawa. Tukampa maziwa, tukangoja kahawa imtoke. Haikutoka. Kila siku mkojo ulizidi kuwa mweusi na yeye alizidi kulegea.

Devotha alilia sana. Alisema mama akijua kahawa yake imemwangusha Sista hatakaanga tena maisha yake yote. Tena kuna lile sharti. Ndiyo maana akakuandikia ile barua ya Pasaka. Hakutaka kukudanganya, alitaka usiumie.

Pasaka ilipopita Dokta Eliza wa mifugo alikuja ufukweni kununua samaki. Nikamweleza kama mtu anayesimulia kichekesho, mbwa aliyekunywa kahawa. Yeye hakucheka. Aliuliza kama nimewahi kutazama fizi zake. Akaacha samaki wake kwenye mchanga, akanifuata nyumbani, akamfunua mdomo. Fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi hii. Akasema, "Huu ni ugonjwa wa kupe. Mfuko wenu umepasuliwa na panya." Tukatazama, kweli, kulikuwa na alama za meno madogo.

Alimchoma sindano. Homa imeshuka na mkojo umeanza kuwa safi. Lakini damu imebaki kidogo na hajasimama mpaka leo. Anakunywa supu ya samaki akiwa amelala. Dokta anasema vijidudu vimepigwa, kilichobaki ni mwili wake mwenyewe ambao bado unajipiga, na kwa hilo anampa dawa ya kuutuliza. Hapo mimi sikuelewa.

Mama, sikuandika ili mke wangu achukuliwe. Nimeandika kwa sababu uliumia kwa ajili ya kahawa, na nilishindwa kukaa na hilo. Kilian akija tarehe nne atakuta ukweli wowote utakaokuwepo.

Mkweo,
Meshack


Mkumbi
21 Aprili 2024

Wanangu Meshack na Devotha,

Barua hii ni ya wote wawili, msome pamoja. Devotha, mumeo aliniandikia. Usimgombeze. Mkigombana nitajua, hata kama barua itakuwa ndefu.

Nilipofika hapo pa mbwa aliyemaliza mfuko wa kahawa nilicheka mpaka baba yako akatoka nje kuuliza nani amekuja. Kisha nikaendelea kusoma nikalia. Nikasoma tena nikacheka tena. Baba yako ameondoka kwenda kwa Romanus, anasema hapa nyumbani hakueleweki.

Sasa sikilizeni. Sharti ni sharti, lakini nalijua nililolisema. Sikusema asiugue. Nilisema asishindwe. Kilian atakuja siku ile ile, na godoro. Akimkuta Sista amesimama, ni mzima. Akimkuta amelala, basi Devotha wewe na Sista mnapanda gari, na Meshack naye akitaka aje, huku kuna kazi.

Nina swali moja. Mnagonga kopo? Naona hamlitaji. Devotha, najua ulivyo. Umeona kupe ndiye aliyemletea huyu ugonjwa ukalificha kopo usilione. Lichukue uligonge. Hata kama hakuna kupe wa kutoa, ligonge. Sista tangu akiwa mdogo siku yake haijaisha mpaka asikie hilo kopo. Sasa jua linazama, giza linaingia, na kwake yeye jioni haijafika. Mnataka apate nguvu za kesho wakati jana yake haijafungwa?

Na mimi niambieni jambo moja mkiwa mmekaa, msinifiche. Je, ni mimi? Huko mbwa wanavaa kupe kama vifungo na wanakimbia. Wangu nilimtunza kama yai, na ndiye aliyeanguka.

Mama yenu,
Albina


Chiwanda
29 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa ile barua fupi. Chimni ya matroni nilikuwa sijui kama unaikumbuka.

Kopo sikulificha, lakini nililitoa machoni. Nilipolitafuta halikuonekana, tukalikuta kwenye mtumbwi wa Meshack. Amekuwa akilitumia kukombea maji. Nikalisugua na mchanga, nikachukua kijiko, nikakaa mlangoni jua likiwa linazama upande wa pili wa ziwa. Nikagonga.

Sista alikuwa amelala kwenye gunia. Sikio likainuka. Nikagonga tena. Akaweka miguu ya mbele, akatulia kama mtu anayefikiri, akaweka ya nyuma. Meshack alitaka kumsaidia, mama Lidia akamshika shati. Alitembea, mama. Alikuwa anayumba kama amepanda mtumbwi, lakini alifika mpaka magotini kwangu, akalala chali. Mama Lidia alisema moshi umemwingia machoni. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Sikumkuta na kupe hata mmoja, Dokta alikuwa amempaka dawa. Nilimkagua hivyo hivyo, masikioni, kwapani, katikati ya vidole.

Sasa kuhusu swali lako. Nilimsomea Dokta Eliza, naye akaniomba nikuandikie polepole. Kupe akiuma, anaingiza vijidudu kwenye damu, navyo vinajificha ndani ya chembe nyekundu. Mwili una walinzi wake. Mbwa wa hapa wameumwa na kupe tangu wakiwa bado wananyonya, wakati ule ambapo ugonjwa huwa mwepesi kwao. Walinzi wao walikutana na vijidudu mapema, wanavijua sura, wanavibana, maisha yanaendelea. Havitoki vyote, vichache vinabaki, na walinzi wanabaki macho kwa ajili ya hivyo vichache. Sista alikuja mkubwa, na walinzi wake hawajawahi kuona kitu kama hicho. Walipokiona walishtuka. Wakaanza kupiga kila chembe nyekundu, yenye adui na isiyo na adui. Ule weusi kwenye mkojo ulikuwa damu yake mwenyewe, imevunjwa na walinzi wake mwenyewe. Ndiyo maana hata baada ya sindano aliendelea kulegea.

Nikamuuliza, basi mama alikosea? Akasema, "Mwambie hapana. Kule kwenye baridi alifanya sawasawa. Ila mbwa amehama, na usafi wa kule haukumfundisha maisha ya huku." Akasema tuendelee kumtoa kupe na kumpaka dawa, maana akiwa bado dhaifu wengi watammaliza. Lakini akipona kabisa tusihangaike kutafuta yule mmoja wa mwisho. Hatutampata kamwe.

Mama, leo amesimama mara mbili bila kopo. Alibwekea kunguru, sauti ya chini kama mzee. Naomba nibaki. Naomba uniambie mwenyewe, siyo Kilian.

Mwanao,
Devotha


Mkumbi
2 Mei 2024

Mwanangu Devotha,

Pankras ameniletea barua hii mchana na nimemwambia asiondoke mpaka nijibu. Yuko hapa anakula ugali.

Kilian nimemzuia. Godoro amelirudisha, ananung'unika kwamba alikuwa ameshaota samaki.

Hayo ya walinzi nimeyaelewa vizuri sana, tena mwambie Dokta kwamba sisi Mkumbi tuliyaona kwa macho. Unakumbuka mwaka ule wezi walipokuwa wanachuma kahawa mbichi usiku, kijiji kikaweka vijana wa ulinzi? Walikuwa hawajawahi kumwona mwizi hata mmoja. Usiku wa kwanza wakamkamata Nathanieli, katekista wetu, anakwenda kupiga kengele ya misa ya alfajiri. Wakamtupa kwenye shimo la ngolo lenye maji. Usiku wa pili wakamkamata baba yako katika shamba lake mwenyewe. Wa tatu walipigana wao kwa wao. Ilibidi Mwenyekiti awape kazi nyingine ili watulie. Lakini msimu uliofuata walikuwa wamezijua nyayo za kila mtu, na mwizi alipokuja kweli walimkalisha chini bila kelele. Basi mwili wa Sista ndio huo. Usiku wa kwanza amempiga katekista.

Unabaki. Nimeandika, usinirudishe nyuma. Asiyeshindwa hajashindwa.

Lakini nisikie nikimaliza. Usije ukachanganya mbwa na mtoto. Sitaki kusikia kwamba mbu wamfundishe mjukuu wangu. Chandarua ni chandarua. Dawa za kliniki unazopewa kwa ajili ya malaria unazimeza zote, hakuna kusema walinzi. Muulize Dokta Eliza kama nimesema vibaya.

Pankras amemaliza ugali, anataka kuondoka. Meshack mwambie kopo siyo la mtumbwi.

Mama yako,
Albina


Chiwanda
28 Julai 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo.

Mwandiko umepinda kwa sababu naandikia juu ya tumbo, meza haifiki tena. Wakunga wanasema ni mwezi ujao, katikati au mwisho.

Nina habari, na umwambie baba akae mbali na padri. Sista amevunja nadhiri. Tulidhani ananenepa, nikachukua ile kanga ya njano nikupimie uone, ikakataa kufika. Wiki hii amezaa watoto wanne chini ya kichanja cha usipa. Wawili wana shingo nyeupe. Mmoja alizaliwa na masikio yote mawili lakini anakunja moja, na Refa anakaa nje ya kichanja kama mtu aliyekuja kuchumbia.

Dokta Eliza amekuja kuwatazama. Dokta alisema wamepata bahati, kwa sababu walinzi wa Sista sasa wanajua, na katika maziwa ya kwanza kabisa mama anawapa watoto sehemu ya walinzi wake, wa kuwashikilia wakati wa kwao bado wanajifunza. Wakikutana na kupe wa hapa wakiwa wadogo, watakuwa wanajua sura. Nilikaa chini nikamtazama Sista ananyonyesha. Ule ugonjwa wote uliotutoa machozi, mama, sasa anaugawa kama zawadi.

Sasa mimi naweka sharti langu. Wewe maisha yako yote hujashuka ziwani. Mwaka wa harusi ulisema miguu, mwaka huu utasema kahawa inaiva. Njoo unizalishe hapa. Bibi aliukuta uzazi wako kwake, wewe uukute wangu kwangu. Mama Lidia amekuandalia kitanda, na chandarua chake amekishona upya mwenyewe. Kama unaogopa kwamba walinzi wako hawajawahi kuona Chiwanda, tutawaambia ni jamaa.

Kahawa tafadhali uje nayo. Mama Lidia siku hizi hata akikaanga usipa anaiona machoni, anaiota.

Mwanao,
Devotha


Chiwanda, Nyasa
25 Agosti 2024

Baba Kilian,

Salamu nyingi. Najua umekaa kwenye jiwe la mlangoni na barua hii umempa Romanus akusomee kwa sababu miwani umeikalia. Romanus, shikamoo, soma taratibu.

Mtoto amezaliwa Alhamisi asubuhi katika zahanati ya hapa. Ni wa kike. Devotha mzima kabisa, hata hakunipa nafasi ya kuogopa vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kuogopa mpaka jioni, kumbe saa tatu kazi imekwisha. Wamempa jina Vitalia, la marehemu mama yako. Meshack ndiye aliyelisema. Nilitoka nje kidogo kuangalia ziwa.

Ziwa ni kubwa, Baba Kilian. Sikubweka, lakini nilimwelewa Sista. Maji yanakuja, yanakuja, na hakuna anayeyatuma.

Joto silipendi. Mama Lidia tunaelewana. Tunakaa asubuhi na vikombe vyetu wakati mitumbwi inarudi, yeye na sukari yake. Anasema amepata ugonjwa wa kahawa na hataki sindano. Nilimtania kwamba kwa ajili yake mfuko wangu ulishitakiwa bila kosa. Akacheka mpaka usipa wakamwagika.

Sista alinijua kabla sijashuka garini. Alininusa miguu yote miwili, kisha akanichukua kwenda kichanjani kuonyesha watoto wake, na akasimama pembeni anitazame nitasema nini. Nikamwambia hongera, mama. Mmoja mwenye shingo nyeupe nitakuja naye. Dokta Eliza amesema akiachishwa kunyonya nimchukue. Mtengenezee mahali pa joto karibu na jiko, baridi ya kwetu hajawahi kuiona, zamu yake imefika ya kushtuka.

Nilisema nitakaa wiki mbili. Pankras nimemwambia asinihesabu kwenye basi la Jumamosi. Kahawa zile za juu zichumwe kwanza, za bondeni bado. Mboga umwombe Ottilia, jirani. Usile ugali na chumvi kama ulivyofanya mwaka ule.

Jana jioni Devotha alikuwa amelala, mtoto analia mikononi mwangu, nimeimba nyimbo zote ninazozijua na za mazishi pia. Nikaliona kopo mlangoni. Nikamshika mtoto kwa mkono mmoja, nikaligonga na kijiko. Mtoto akanyamaza, akageuza macho atafute sauti. Nakuambia ukweli, mtoto wa siku tatu. Sista akaja akalala chali. Na nyuma yake wale wanne, hakuna aliyewafundisha, wamepangana wanagaragara, matumbo juu.

Nikampa mama Lidia mtoto, nikawakagua mmoja mmoja, masikioni, kwapani, katikati ya vidole. Kupe wakubwa niliwatoa wote, nikawatia koponi. Kwa yule tutakayekuja naye nikakuta mmoja mdogo sana nyuma ya sikio, kama punje ya ulezi. Mkono ukaenda wenyewe. Unanijua mkono wangu.

Nikaurudisha. Nimemwacha hapo, Baba Kilian. Usiku mzima vidole viliniwasha, lakini nimemwacha.

Mkeo,
Mama Kilian